Maji Yaingiapo Ndani ya Pikapu

Ndugu msomaji, gari likivuja mafuta kila mtu huona, kwani mafuta huacha doa chini ambalo hata mtoto mdogo hulionyesha kwa kidole. Walakini likivuja mvua kwa ndani mambo huwa mengine. Maji hayo huingia kwa siri, hukaa chini ya zulia kwa siri, na kazi yao huifanya usiku na mchana bila ya kishindo, mpaka siku mwenye gari akanyagapo sakafu akahisi bati linabonyea chini ya kisigino chake. Nataka kukueleza habari ya pikapu moja ya namna hiyo, kwa kuwa naijua kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa kuwa nyumba nyingi huku kwetu zaishi kwa gari moja tu kama hilo, likifa hilo na chungu hakiinjikwi.

Ndugu yangu mdogo alifariki mwaka 2022, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mke, watoto watatu, nyumba ambayo upande wake mmoja haujakwisha, na pikapu ya tani moja yenye kabini ya safu moja ya viti. Mimi ndiye aliyeniusia mali hiyo mpaka wadogo wawe wakubwa. Msimu wa machungwa pikapu hiyo huyachukua kutoka mashamba ya Muheza mpaka sokoni Tanga. Msimu ukipita hubeba saruji, mbao, na hata vyombo vya harusi. Dereva wake ni mwana mkubwa wa marehemu, kijana wa miaka 23. Ama mimi ni mwalimu wa madrasa, elimu yangu ni ya Kurani na shule ya msingi, na ya magari ni ile aipatayo mtu akaaye jirani na mafundi asiyeona haya kuuliza.

Katika vuli ya mwaka 2023, ile iliyokuja na mvua nyingi za El Niño, kabini ya pikapu hiyo ilianza kunuka. Zulia la upande wa kushoto, mahali awekapo miguu abiria, likawa halikauki. Kila alfajiri kijana alikuwa akikamua matambara kabla ya kwenda kazini. Taa ya ndani ikawa yawaka ipendapo na kuzimika ipendapo. Siku moja alinichukulia kasha la juzuu za madrasa kutoka mjini, akaliweka chini mbele ya kiti, na tulipolifungua zile za safu ya chini zilikuwa zimefura kama mkate uliotiwa katika chai. Mama yake akaniuliza kama kanzu iliyorowa kwa maji yale yafaa kuswalia. Nikamjibu kwamba maji ya mvua ni tohara, na kunuka kwake kwa ajili ya kutuama tu hakuyanajisi. Alifurahi kwa jibu hilo, lakini akasema, "Basi Mwalimu, tohara yake hainiondolei harufu."

Masika ya mwaka 2024 yalipokaribia akaja mnunuzi. Alifungua mlango, akanusa, akainua pembe ya zulia kwa vidole viwili, akaiacha ianguke. Akatoa shilingi milioni tano. Gari la namna ile likiwa zima hupata bei inayokaribia mara mbili ya hiyo, naye alijua, nasi tulijua. Alisema sakafu imeoza, na gari lililooza sakafu halina dawa. Shemeji yangu alikuwa tayari kukubali, kwani mtoto wa pili alikuwa kidato cha pili na mahitaji yake ya shule hayangoji. Kijana naye alikuwa na shauri lake.

"Ba'mkubwa," akaniambia, "zulia hili tukilianika siku tatu za jua kali, tukapulizia manukato, hapana atakayejua. Tuipeleke Tanga, tuiuze milioni tisa. Mimi nitanunua pikipiki ya bodaboda, na zilizobaki apewe mama."

Nikamwuliza, "Na mvua ya kwanza ikinyesha?"

"Hiyo itakuwa shauri la aliyenunua."

Nikamwambia, "Mwanangu, kuificha aibu ya bidhaa nawe waijua, hukumu yake nilikusomesha ukiwa na miaka tisa. Na kuiuza mali ya yatima kwa milioni tano ilhali hatujui hata inavujia wapi, hilo nalo siliwezi. Nipe siku saba."

Akanyamaza. Sikumkasirikia, maana si mimi niliyekuwa nikiamka kukamua matambara, wala si vidole vyangu vya miguu vilivyokuwa vimeanza kuchubuka kwa ukungu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza si kutafuta tundu, bali ni kuyajua maji. Maji yaliyomo ndani ya kabini si lazima yawe ya mvua. Gari lenye kiyoyozi hutengeneza maji yake lenyewe, na maji hayo hutolewa nje kwa kijibomba kidogo; kijibomba kikizibwa na uchafu, maji hurudi ndani na kumwagika chini ya dashibodi, hata katika mwezi ambao halijaonekana wingu. Huku kwetu penye joto wengi wamebadilisha vioo na mipira ya milango kwa ugonjwa ambao ungaliponywa kwa kuzibua kijibomba hicho. Kadhalika kuna maji ya rejeta, ambayo katika magari yenye kifaa cha kutoa joto hupita ndani ya dashibodi. Hayo huteleza kati ya vidole kama mafuta mepesi, aghalabu yana rangi, na harufu yake ni tamutamu. Usiyaonje kamwe, kwa kuwa dawa itiwayo ndani yake mara nyingi ni sumu, na usiwaache watoto wala paka kuyafikia. Ya kwetu hayakuwa na rangi wala utelezi, kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa tangu uhai wa marehemu, na maji yalionekana baada ya mvua tu. Basi tukajua kwamba ni mvua.

Majirani, kama ilivyo desturi, walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Mmoja alisema ni mpira wa mlango. Mwingine alisema sakafu imetoboka na maji yarushwa na gurudumu. Fundi mmoja, ambaye ndiye aliyebadilisha kioo cha mbele miaka miwili kabla ya hapo baada ya kile cha kwanza kupigwa na jiwe, alisema kwa yakini kwamba si kioo. Kila mmoja alitazama mahali palipo na maji akataja tundu lililo karibu napo. Lakini maji, ndugu msomaji, hayakai mahali yanapoingilia. Huingia juu, hushika ukingo wa bati au waya, husafiri nao dhiraa moja au mbili, kisha huanguka penye bonde. Pale palipolowa panakuambia mahali yalipofikia tu, na aliyepaziba hapo ameziba mlango wa kutokea.

Tulianza kwa kuivua kabini. Kiti kilitoka kwa bolti nne, na mbili za kushoto zilikuwa nyekundu kwa kutu. Hiyo peke yake ni habari, na anunuaye gari lililokwisha tumika na atazame bolti za kiti kabla ya kutazama rangi ya bodi. Chini ya zulia palikuwa na tandiko la sponji. Tulipolikamua tulipata zaidi ya nusu ya ndoo, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nane. Hili ndilo liwadanganyalo watu wengi: zulia hukauka kwa juu, mwenye gari akadhani mambo yamekwisha, ilhali sponji chini yake limeshika maji kama mtungi, na bati limelala ndani ya unyevu huo wiki baada ya wiki. Hapana manukato yawezayo kitu hapo. Tuliyatoa yote nje, tukayaanika kwenye kamba juani, tukaipangusa sakafu, na milango tukaiacha wazi mchana kutwa.

Nyuma ya kiti, katika kijisehemu chembamba kati ya kiti na ukuta wa kabini, kulikuwa na jeki. Jeki hiyo ilikuwa imeota kutu upande mmoja, upande uliogusa ukuta. Niliiweka pembeni, nikakumbuka kwamba uwanja wa nyumba ile ni wa mteremko, na pikapu hulazwa humo kila usiku pua yake ikitazama chini. Nitalirudia jambo hilo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa chaki, chaki ndiyo niliyoitumia. Tulitwanga vipande vilivyobaki vya madrasa vikawa unga, tukaupaka kwa tambara kavu kwenye bati lote la ndani lililo wazi: ukuta wa nyuma, pembeni mwa miguu, chini ya dashibodi mpaka mkono ulipofika. Unga huo ukiguswa na tone moja tu la maji huacha mstari ulio dhahiri, kama wino juu ya ubao wa kuandikia. Sakafuni tukatandika kurasa za magazeti makuukuu. Kisha kijana akaingia ndani na kurunzi, milango na vioo vikafungwa, nami nikabaki nje na mpira wa maji.

Kumwagia gari maji nako kuna adabu yake. Usibane mdomo wa mpira maji yakaruka kwa nguvu, kwa maana maji ya nguvu huingia hata mahali ambapo mvua haiingii, nawe utakuja kuziba lisilovuja. Yaache yatiririke kama mvua ya wastani. Tena anzia chini, upande juu. Ukianzia paani, maji yataiteremkia mipira, vioo na milango yote kwa mara moja, na ukiona tone ndani hutajua limetoka kwa nani. Ukianzia chini, kila daraja ulilopita pakawa pakavu limekwisha jitakasa. Na usiwe na haraka. Kila mahali mpe dakika kumi, kwa kuwa maji yenye safari ndefu huchelewa kufika.

Tukaanza na sehemu ya chini ya milango. Wengi hudhani mlango wa gari ni kitu kisichoingiza maji. Sivyo. Mvua ipigayo kioo cha dirisha huteremka nacho mpaka ndani ya tumbo la mlango, na watengenezaji wayajua hayo, ndiyo maana chini ya kila mlango wameweka vitundu vya kutolea maji, na nyuma ya ubao wa ndani wa mlango wamebandika karatasi ya plastiki ya kuyazuia yasije kwenye miguu ya watu. Fundi anayetengeneza redio au kitasa akiichana karatasi hiyo akaona si kitu, maji hupata njia. Yetu ilikuwa salama. Lakini kitundu kimoja cha mlango wa kushoto kilikuwa kimezibwa na tope, na kijana alipokichokonoa kwa kijiti yakatoka maji meusi pamoja na majani ya mchungwa yaliyooza. Mlango huo ulikuwa ukibeba maji kama debe, na laiti tungaliuacha ungalioza kwa ndani.

Kisha tukafungua boneti. Chini ya kioo cha mbele, penye mashina ya wipa, kuna mfereji uliofunikwa kwa kitu kama kimia, nao hupokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni. Hapo hapo ndipo kabini ivutapo hewa safi. Mfereji ukijaa majani maji hupanda, yakazidi ukingo, yakaingia kwa njia ya hewa mpaka kwenye feni. Pikapu hii hulala chini ya mwembe. Tulitoa majani ujazo wa kikapu kidogo. Tukamwagia hapo maji dakika kumi, yakapita vizuri, na ndani pakawa pakavu. Tukajaribu pia mahali zipitapo nyaya katika ukuta ulio kati ya injini na kabini, penye vizibo vya mpira, pakavu.

Tukapanda kwenye kioo cha mbele. Dakika saba hazijatimia, kijana akapiga kelele ndani, "Ba'mkubwa, mstari! Mstari!" Nikachungulia. Kutoka pembe ya juu ya kushoto maji yalikuwa yakiteremka ndani ya nguzo ya kioo, yakitokea nyuma ya dashibodi, na kwenye chaki yamechora mstari mwembamba mpaka sakafuni. Kijana akatoka nje anacheka, akasema mwizi amekamatwa, tufungashe vyombo.

Hapo ndipo nilipomwonyesha ile jeki. Nikamwuliza, "Gari hulala limetazama wapi?" Akasema, "Chini." Nikamwuliza, "Maji ya kioo cha mbele yakiingia usiku gari limeinama mbele, yatapandaje mlima mpaka nyuma ya kiti yaile jeki?" Alifikiri kidogo, akachukua kurunzi yake, akarudi ndani bila ya kuambiwa.

Mwizi wa pili alikuwa juu kabisa. Nyuma ya kabini, kati ya paa na kioo cha nyuma, kuna taa ya tatu ya breki. Taa hii si ya tangu zamani. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo ya toleo la mwaka 1986, na kwa pikapu ya toleo la mwaka 1994, na magari mengi ya nchi nyingine yakaifuata. Ni taa yenye manufaa, humwamsha dereva aliye nyuma. Lakini ili kuiweka hapana budi bati la kabini likatwe tundu, na kinachozuia mvua kwenye tundu hilo ni gaskiti ya sponji tu, ambayo jua huikausha mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa kama kisamvu kilichoungua. Dakika mbili za maji zilitosha. Mistari mitatu ikateremka ukutani nyuma ya kiti, ikakusanyika sakafuni, na kwa kuwa gari liliinama mbele ikapita chini ya kiti na kwenda kutua pale pale kushoto mbele, pamoja na maji ya kioo. Kama tungalifungasha vyombo baada ya mwizi wa kwanza, zulia lingalirowa masika yale yale, na kila mtu angalisema kwamba gari lile lina shetani.

Taa ilitoka kwa skrubu mbili. Gaskiti ilibaki mkononi kama unga. Kijana akashauri tukate nyingine katika soli ya kandambili, na kusema kweli shauri lake halikuwa la kipumbavu, kwa kuwa sponji ile hainywi maji. Ila ni ngumu, haikubali kujibana kwenye bati lenye mpindo. Tukanunua gundi nyeusi ya utepe iitwayo butili, inatayo kama ulimbo wala haikauki ikapasuka. Tukasafisha bati kwa spiriti, tukazungusha utepe pande zote pasipo kuacha mwanya, tukairudisha taa na kuzikaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kwani ukikaza upande mmoja kwa pupa plastiki hupasuka nawe umejiletea tundu jipya.

Kioo kilikuwa kazi ya fundi, na tulikwenda kwa mwingine. Alikikata kwa waya, akakiinua, akatuita tuone. Yule wa kwanza alikuwa amekiweka juu ya kutu bila ya kuiondoa, na penye mwanya akajaza silikoni ya kuzibia masinki, ile inukayo siki ikiwa mbichi. Harufu hiyo ya siki ni tindikali kweli, na bati tupu hulila. Tena gundi nyingine hukataa kushika mahali ilipopita silikoni, kwa hiyo kila aijaye kutengeneza baada yake hana budi kuikwangua yote mpaka ya mwisho. Nawaomba wasomaji wenye magari, mtu akikujia na mrija wa silikoni ya bafuni kuziba kioo cha gari, mshukuru kwa kheri yake na umwambie auweke.

Fundi alikwangua, akapiga brashi ya waya na msasa mpaka bati likawa jeupe, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaiacha ikauke. Kisha akapiga mstari mmoja wa gundi ya vioo ya poliurethani, mnene, usiokatika popote, akakilaza kioo na kukishika kwa utepe. Akatupa masharti mawili. Gari lisiende popote mpaka kesho yake, kwa sababu gundi hiyo hukomaa polepole kwa kuvuta unyevu wa hewa, na kioo cha mbele ni sehemu ya nguvu za kabini, si dirisha tu. La pili lilinipendeza kwa kuwa sikupata kulisikia: usibamize mlango ilhali vioo vya madirisha vimefungwa, maana hewa inayobanwa ndani hukosa pa kutokea ikakisukuma kioo na kutoboa gundi iliyo mbichi. Kijana akateremsha vioo vyote viwili, akavifunga vitasa kwa kamba, asipite mtoto akasahau.

Ilibaki sakafu, ambayo mnunuzi alisema imeoza. Tuliigonga yote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, bovu hunyamaza. Ilikuwa imenyamaza mahali pawili tu, kila pamoja pa ukubwa wa kiganja cha mtoto, pote kushoto mbele; kwingine kutu ilikuwa ya juu juu. Fundi bodi alipakata, akachomelea viraka, betri ikiwa imefunguliwa na ndoo ya maji ikiwa karibu. Palipobaki tukapasugua, tukapapaka dawa ya kutu na rangi mbili, na chini ya gari tukapaka lami. Ile taa ya ndani iliyokuwa na wazimu, wazimu wake tuliukuta chini ya zulia: soketi ya nyaya iliyokuwa imelala majini, shaba yake imegeuka kijani. Tuliisafisha, tukaikausha, tukaifunga juu kidogo isiguse sakafu. Sponji la zamani tulilitupa. Lilikauka kwa juu siku ya tano, lakini ukilikunja katikati bado lilikuwa na ukungu mweusi.

Siku saba zilikuwa zimezidi kwa mbili. Usiku nikaketi na shemeji yangu na watoto wote watatu, nikawasomea hesabu kutoka katika daftari, kwa kuwa mali ni yao nami ni mshika daftari tu: kioo na gundi, fundi bodi, rangi, butili, sponji jipya, chakula cha mafundi, jumla shilingi 412,000. Shemeji akauliza, "Na ile milioni tano bado ipo?" Nikamwambia ipo, na mnunuzi ameongeza moja tangu aliposikia kwamba tunatengeneza. Yule wa kidato cha pili, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema kwamba mtu aliyeiita gari bovu hataongeza pesa bure. Mama yake akacheka. Kijana mkubwa hakusema kitu juu ya pikipiki, akauliza tu kama zulia lirudishwe kesho au lingoje mvua. Tukaafikiana lingoje.

Mvua iliingia baada ya siku nne, nayo ilinyesha tangu baada ya Isha mpaka karibu na alfajiri. Tulikuwa tumetandika magazeti kwenye sakafu tupu, na chaki ilikuwa bado ukutani. Nilipofika baada ya swala nilimkuta kijana yumo ndani na kurunzi, anageuza ukurasa mmoja mmoja. Nyuma ya kiti pakavu. Chini ya dashibodi pakavu. Kwenye kizingiti cha mlango wa kulia, upande wake yeye dereva, kulikuwa na unyevu wa upana wa vidole viwili. Tukafunga mlango juu ya kipande cha karatasi, tukakivuta, kikatoka pasipo kushikwa. Mpira wa mlango hapo umechoka na kulala. Kwa hiyo yule jirani wa kwanza alisema neno la kweli, ila si la mlango aliokuwa akiutazama. Mpira mpya tumeuulizia Tanga nao si wa bei ndogo, basi kwa sasa kijana ameupachika ule wa zamani kijiti cha raba kwa nyuma ili usimame, na kila mvua ikinyesha huweka gazeti hapo. Zulia limerudi mahali pake, na kesho yake pikapu ilipakia machungwa.